Leseni ya Mikono Mitupu

Mwalimu Mbonea alikuwa mwana wa Kalutu, Kalutu mwana wa Sekiete, na Sekiete mwana wa Mrutu, na katika hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa barazani kujibu shitaka. Mrutu alikuwa mwamuzi wa mipaka ya mashamba, na jiwe aliloliweka yeye hakuna jirani aliyethubutu kulisogeza. Sekiete alisimamia mfereji wa maji wa koo zote za bonde, na migomba yake mwenyewe ilinyauka mbele ya macho yake kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijafika. Kalutu alikuwa mwalimu wa kwanza wa shule ya misheni. Aliwafundisha kusoma watu waliokuja kuwa makarani, wauguzi na hata mawaziri, na kwa hilo la mwisho si haki kumlaumu.

Ukoo wa namna hiyo humwachia mtu mgongo ulionyooka na mdomo usiojua kubembeleza. Mbonea alirithi vyote viwili. Alifundisha sayansi katika Shule ya Sekondari ya Mteremko, katika nchi ambayo jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa wenyeji wake wanaijua na wageni wake hawaulizi. Shati lake lilifungwa kifungo cha juu hata wakati wa kiangazi. Wanafunzi walisimama kabla hajaingia darasani, kwa kusikia tu viatu vyake ukumbini.

Nchi hiyo iliipenda sayansi kupita kiasi, hata haikuweza kuiacha itulie.

Hapo mwanzo, viwango vya sayansi vilimtaka mwanafunzi kutaja. Alitaja sehemu za ua, akataja aina za miamba, akataja hewa zote zilizokubaliwa na Wizara, akafaulu. Walimu walipewa leseni za kutajisha. Kisha akaja Waziri mwingine, akasema kutaja ni mabaki ya ukoloni, na kwamba mwanafunzi wa kisasa anaeleza. Leseni za kutajisha zikafutwa asubuhi moja, na walimu wote wakaitwa makao makuu kueleza kwa nini wanastahili leseni za kuelezesha. Mbonea alikwenda, akaeleza, akapewa. Akaja Waziri wa tatu, akapanda jukwaani akiwa amevaa koti jeupe la maabara juu ya suti.

"Kueleza ni maneno!" alinguruma. "Na maneno hayawashi taa! Kuanzia leo, sayansi ya nchi hii ni vitendo, na mwalimu asiyetenda atatendwa!"

Makofi yalipigwa mpaka Waziri mwenyewe akainua mkono kuyaombea mapumziko.

Serikali haikuwa na mzaha. Ilinunua vifaa vya maabara kwa kila shule, vikasafirishwa ndani ya makasha mazuri ya mbao, na kila kasha likafungwa utepe wa rangi za bendera. Waraka uliofuatana nayo ulisema kwamba hakuna ruhusa ya kufungua kasha lolote kabla Mheshimiwa Waziri hajafika kulizindua. Waziri alianza uzinduzi upande wa kwao, kama ilivyo desturi. Kabla hajaumaliza upande huo alihamishiwa Uvuvi. Aliyemrithi hakuona sababu ya kuzindua makasha ya mtu mwingine, wala hakuona busara ya kuyarudisha. Makasha yakabaki yalipo. Katika Shule ya Mteremko kasha lilikaa mbele ya darasa la maabara, na kwa kuwa lilikuwa la mbao nzuri, vitabu vya mahudhurio viliwekwa juu yake.

Lakini viwango vilikwisha kutangazwa, na mtihani wa vitendo ulikuwa unakuja. Ndipo Wizara, kwa hekima yake, ikatoa waraka mwingine: katika kipindi hiki cha mpito, majaribio yote yafanyike kwa ishara.

Mbonea alipousoma alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.

"Mkuu, kasha sitaligusa," alisema. "Lakini nyumbani nina chokaa. Maji yapo. Mrija nitauchuma kwenye mpapai. Naweza kuwaonyesha watoto hewa ukaa kwa vitu vyangu mwenyewe."

Mkuu wa shule alivua miwani. "Mwalimu wangu, nakuheshimu. Lakini jaribio la kwanza la kweli katika maabara ile ndilo uzinduzi wenyewe. Ukilifanya wewe, umezindua. Una cheo cha kuzindua?"

"Sina."

"Basi nenda ukashike neli ya majaribio."

"Neli gani, Mkuu?"

"Hiyo hapo mkononi mwako. Taratibu, Mwalimu. Usiiangushe."

Mbonea hakuwa amewahi kuvunja waraka, na hakuona kwamba umri wake ulikuwa umri wa kuanza. Alirudi darasani, akashika neli isiyokuwapo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaiinua kwenye mwanga. Siku za mwanzo mkono ule ulimwaka kwa aibu. Baadaye ukafa ganzi. Na baada ya ganzi, ukawa hodari.

Kipindi cha mpito kilidumu hadi wanafunzi wa kwanza wa ishara wakaleta watoto wao kuandikishwa shule. Kufikia hapo sanaa ilikuwa imekomaa. Wanafunzi waliwasha kichomeo kisichokuwapo na kurudisha nyuso nyuma kwa ajili ya moto. Walikohoa kwa klorini, na aliyekohoa vizuri aliongezewa alama. Mwanafunzi aliyeangusha neli yake aliambiwa alete ufagio wa kweli na kufagia vigae visivyokuwapo, pembe zote za darasa, maana wenzake walikuwa peku na Mwalimu Mbonea hakuvumilia uzembe unaoweza kumkata mtu mguu.

Katika hao wote hakukuwa na mkono kama wa Nakijwa, binti wa mwanawe wa kwanza. Alimfundisha yeye mwenyewe tangu kidato cha kwanza. Nakijwa alipomimina, hata wakaguzi walisogeza viti nyuma wasilowe. Alikwenda chuo cha ualimu, akarudi na shahada yenye alama za juu, akapangiwa shule ileile ya babu yake akisubiri leseni. Mbonea alijivuna kwa namna yake. Alimwambia kwamba kola yake imekaa vizuri.

Ndipo wakaja wageni kutoka ng'ambo. Walitembezwa Mteremko, wakakaa nyuma ya darasa, wakatazama watoto arobaini na kitu wakichuja mchanganyiko ambao haukuwapo kwa karatasi ambazo hazikuwapo, bila hata mmoja kucheka. Mgeni mmoja alifuta machozi. Waliporudi kwao waliandika kwamba nchi hiyo imeivuka hatua ya vifaa.

Wizara iliposoma hayo iligundua kwamba ilikuwa imepanga hivyo tangu mwanzo. Kipindi cha mpito kikafungwa rasmi. Vikatangazwa Viwango vya Nne, vilivyoitwa Sayansi Huru, yaani sayansi iliyokombolewa kutoka kwenye vitu. Leseni zote zikafutwa. Kila mwalimu wa sayansi, mzee kwa kijana, atafika mbele ya Jopo la Leseni katika ukumbi wa Wizara, naye, kwa maneno ya waraka, "ataonyesha jaribio kikamilifu, hadi Jopo lisiwe na shaka."

Asiyefaulu hakutupwa, maana Serikali ile haikumtupa mtu. Alipelekwa katika Kikosi cha Taifa cha Kushika Utepe. Miradi iliyokuwa ikisubiri kuzinduliwa ilikuwa mingi, na upepo ulikuwa umeanza kuzipeperusha tepe. Kikosi kiligawa watu wawili kwa kila utepe, mmoja kila upande, wasimame mpaka Waziri atakapofika.

Mbonea alikaa na waraka ule jioni nzima. Kikamilifu, ulisema. Hadi lisiwe na shaka. Na ukumbi wa Wizara haukuwa shule, haukuwa na kasha, wala haukuwa na kitu cha kuzinduliwa. Akaenda stoo, akatoa chokaa iliyosalia baada ya kupaka makaburi ya wazazi wake, akailoweka, akaiacha itulie, kisha akachuja maji yake kwa kitambaa mpaka yakawa maangavu kabisa.

Nakijwa alimkuta akiyafunga kwenye chupa. Yeye alikuwa amesimama uani tangu alasiri akijizoeza kumimina.

"Babu, kiwiko chako siku hizi kinaanguka. Wanakata alama."

"Sitatumia kiwiko."

"Babu, tafadhali. Kwa mpangilio wa majina ya ukoo, mimi ndiye nitakayekufuata siku ile. Ukiwaudhi wewe, hasira watamalizia kwangu."

"Mimi sijawahi kuiudhi ofisi ya Serikali."

"Ndiyo maana naogopa," Nakijwa alisema. "Huna mazoezi." Akashusha mikono. "Juzi nimewaona wale wa utepe pale kwenye daraja. Yule mwalimu wa fizikia wa Magoma yupo pale. Ndege amemchafua begani na hana ruhusa ya kuachia mkono ajifute. Mimi siwezi, Babu. Kitu chochote, lakini si kile."

"Hutakwenda huko," Mbonea alisema. "Wewe una mkono."

Ukumbi wa Wizara ulikuwa na zulia, na mbele kabisa meza ya Jopo ilikuwa na kitambaa cha kijani. Mwenyekiti alikuwa Dakta Kitundu, ambaye alikuwa ameandika tasnifu nzima juu ya namna ya kushika kisichoshikika. Kando yake alikaa Bi Makunganya, Mtaalamu wa Viganja. Mchana kutwa walikuwa wametazama walimu wakishika hewa, kama walivyotazama juzi na mwaka jana, na macho yao yalikuwa na ule utulivu wa watu ambao hawategemei tena kuona kitu.

Mbonea aliingia na begi lake la ngozi.

"Tazama anavyolibeba," Bi Makunganya alimnong'oneza Mwenyekiti. "Utadhani lina uzito."

Akatoa chupa. Akatoa bilauri. Akatoa mrija wa jani la mpapai aliouchuma alfajiri. Alimimina maji ya chokaa ndani ya bilauri, akayainua ili Jopo lione yalivyo maangavu, akatumbukiza mrija, akapuliza. Ukumbi mzima ulisikia yakibubujika. Polepole maji yakaingia ukungu, kisha ukungu ukawa mzito, kisha bilauri yote ikawa nyeupe kama maziwa.

Dakta Kitundu alisimama, akazunguka meza, akainama mbele ya bilauri.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "weupe huu umeufanyaje?"

"Hewa ukaa iliyotoka kifuani mwangu imekutana na chokaa iliyomo majini, Mheshimiwa."

"Bado yumo ndani ya jaribio!" Dakta alimgeukia Bi Makunganya. "Umemsikia? Hatoki!"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, simo ndani ya kitu. Haya ni maji ya chokaa ya kweli. Yaguse."

Dakta Kitundu alichovya ncha ya kidole. Akakitoa, akakitazama. Tone lilikuwa linaning'inia.

"Nimehisi ubaridi," alisema. "Nimehisi kabisa. Miaka yote hii kwenye Jopo, hakuna mwombaji aliyewahi kunifikisha hapa."

"Mimi nasikia hata harufu ya mpapai," alisema Bi Makunganya, huku ameshika kifua.

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, mwana wa Kalutu alipaza sauti mbele ya ofisi ya umma. "Waheshimiwa! Hii ni bilauri! Shikeni wenyewe!" Akainyoosha kwa Mwenyekiti.

Dakta Kitundu aliipokea kwa ufundi wote wa tasnifu yake, vidole vikiwa vimepinda vizuri na kiganja kikiwa mbali kwa usalama. Lakini vidole vilivyozoea hewa havikujua kukaza. Bilauri ikapita katikati yake, ikagonga ukingo wa meza, ikapasuka. Mwenyekiti akapiga hatua kumkumbatia mwombaji, na kwa kuwa alivaa makubadhi, kigae kikamwingia unyayoni. Alitazama chini. Damu ilikuwa inaingia kwenye zulia.

"Hata maumivu," alisema, akilia na kucheka pamoja. "Jamani, hata maumivu yapo!"

Jopo lilipiga makofi likiwa limesimama. Mbonea alipewa leseni ya Daraja la Kwanza, ya kwanza katika historia ya nchi. Wakati wakimfunga Mwenyekiti mguu, karani aliita jina lililofuata.

Nakijwa, aliyekuwa akichungulia mlangoni muda wote, aliingia akipita pembeni ya vigae, akasimama, akainua mikono. Hakuwahi kuwa bora kuliko siku ile. Neli yake ilikuwa na urefu uleule toka mwanzo hadi mwisho, moto wake ulikuwa na joto, na alipopuliza, weupe ulishuka kutoka vidole vya juu kuelekea vya chini kama pazia. Mwaka uliopita wangembeba mabegani.

"Sijaona weupe," alisema Bi Makunganya.

"Mimi sijalowa," alisema Dakta Kitundu, na akajipapasa kuhakikisha.

"Waheshimiwa," Nakijwa alisema, mikono bado hewani, "ninyi wenyewe mnajua hakuna anayelowa."

"Babu yako amenilowesha sasa hivi, binti. Na hapa nilipo natoka damu. Wewe umenitoa nini?" Akamgeukia Mbonea, aliyekuwa amesimama ukutani. "Mzee, huyu si ndiye uliyemfundisha? Mbona ule ufundi wenyewe ulimficha?"

Mbonea alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, lakini halikuwa la kusemwa mbele ya kitambaa cha kijani, akaufunga.

Walitoka nje wakasimama kwenye ngazi. Nakijwa alikuwa ameviweka viganja vyake mfukoni kama vitu vya kuazima.

"Babu, ile ilikuwa nini?"

"Maji ya chokaa."

"Yale yenyewe? Ya kitabuni?"

"Ndiyo yenyewe."

Alifikiri. "Mbona hayafanani?" alisema. "Ya kwetu yanashuka taratibu kutoka juu. Ya kwako yamechafuka ovyo, kila upande. Kama ningekuwa mimi ndiye msahihishaji, Babu, nisamehe, nisingekupa alama."

Wizara haikulala. Kabla mwezi haujaandama, vilitangazwa Viwango vya Tano, vilivyobatizwa Kiwango cha Mbonea. Kuanzia sasa, jaribio la ishara lazima liloweshe, linuke, na inapobidi, likate. Na kwa kuwa Wizara ilipata fununu kwamba waombaji wengine wasio waaminifu wanapanga kuja na vitu vya kweli, iliamriwa kwamba kila mmoja apekuliwe mlangoni. Atakayekutwa na kifaa atahesabiwa amedanganya. Waliofeli wote walipewa nafasi ya pili, maana Serikali ile haikumtupa mtu. Jopo nalo liliundwa upya. Chini ya viwango hivyo mwenye leseni halali nchini alikuwa mmoja tu, hivyo Mbonea akawa Mwenyekiti, na Dakta Kitundu, mguu ukiwa bado umefungwa, akawa makamu wake.

Mbonea alipeleka ombi la kujiweka kando, kwa sababu mjukuu wake alikuwa miongoni mwa waombaji. Wizara ilimjibu kwa heshima kwamba habari za Mrutu, Sekiete na Kalutu zinafahamika, na kwamba mtu wa ukoo ule hana haja ya kujiweka kando.

Siku ile Nakijwa alipekuliwa, akaonekana hana kitu, akaingia. Alisimama mbele ya meza. Jopo likangoja ainue mikono. Hakuinua. Ilining'inia ubavuni mwake, mizito, kama ya mtu aliyetoka shamba.

"Anza," alisema Mbonea.

"Mwenyekiti, sina kitu mikononi."

"Hilo tunalijua," alisema Bi Makunganya kwa upole. "Anza tu, mama."

"Sina neli. Sina chokaa. Nimeambiwa nikiwa navyo nimedanganya. Nianze nini?"

Mbonea alimtazama kama alivyowatazama wanafunzi wote.

"Umeona mabadiliko gani?" aliuliza.

"Sijaona mabadiliko."

"Jaribio limefanyika?"

"Halijafanyika, Mwenyekiti."

Bi Makunganya aliinama sikioni mwake. "Mzee, huyu ni damu yako. Nje kuna gari la Kikosi limeshawasha injini. Sema tu umelowa. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema Mbonea.

Na kwa kuwa jaribio halikufanyika, aliandika kwamba halikufanyika, na kwamba mwombaji hakupewa leseni. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi tena, ile ganzi ya zamani. Waliofuata waliinua mikono, wakatoa jasho, wakakohoa, mmoja akajing'ata mdomo kusudi damu itoke. Kila mmoja aliulizwa maswali yaleyale, na kila mmoja, alipolazimishwa kujibu, alijibu kwamba halijafanyika. Hakuna aliyepata leseni.

Mwisho Mbonea alitoa mfukoni leseni yake mwenyewe. Akaeleza kwa utaratibu kwamba jaribio lake lilitumia vitu vya kweli, kwamba kwa Viwango vya Tano huo ni udanganyifu, na kwamba Mwenyekiti hawezi kujipa anachowanyima wengine. Akaiweka mezani. Dakta Kitundu alinyoosha mkono kuichukua, ikamponyoka, ikaanguka.

Wizara ilitoa taarifa siku ileile. Ilisema kwamba nchi sasa ina viwango vya sayansi ambavyo hakuna raia hata mmoja aliyevifikia, jambo lisilowahi kutokea popote duniani, na kwamba sherehe zitafanyika mara utepe utakapopata washikaji. Mbonea hakuchukuliwa na Kikosi. Umri wake ulikuwa umezidi, na mikono ya wazee, kwa mujibu wa kanuni, hutetemesha utepe kwenye picha.

Nakijwa alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani kufungasha. Alimkuta babu yake ameketi uani, shati limefungwa hadi juu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Umeninyima."

"Nimekunyima."

Aliweka sanduku lake chini, akaketi juu yake. Kwa muda walitazama kuku.

"Gari litapita alasiri," alisema. "Kabla halijafika, nataka kulifanya lile jambo. Lenyewe."

Mbonea alisimama, akaenda stoo. Alimpa chupa, akampa bilauri na mrija. Nakijwa aliishika kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa, ikateleza, akaidaka kwa mikono yote miwili, akastaajabu ilivyo nzito. Alimimina, akajimwagia miguuni. Alipuliza kwa nguvu mno, maji yakamrukia usoni. Akapuliza tena polepole. Yakaingia ukungu, yakawa meupe, ovyo, kila upande. Hakuna aliyekuwa amemwambia aache, basi akaendelea kupuliza, mashavu yakimuuma, na baada ya kitambo weupe ukaanza kupungua, ukapungua zaidi, mpaka maji yakarudi maangavu karibu kama mwanzo.

Nakijwa alitoa mrija mdomoni, hofu usoni. "Babu, nimeharibu?"

"Hujaharibu."

"Yalikuwa meupe. Yamerudi. Kitabuni hakuna hilo, ishara yake haipo." Aligeuza bilauri kwenye jua. "Kwa nini yamerudi?"

Mbonea alikuwa mwalimu kwa umri wake wote, na katika miaka ya ishara hakuna mwanafunzi aliyemuuliza kwa nini, kwa sababu ishara haigeuki ikamshangaza aliyeifanya. Aliketi. Akafungua kifungo cha juu. Alikuwa amefika katikati ya maelezo, ya chokaa kuwa kitu kingine na kitu kile kuyeyuka kwa hewa inapozidi, wakati honi ya gari la Kikosi ilipolia njiani. Akaendelea kueleza hadi mwisho, bila kuharakisha. Honi ililia tena. Nakijwa alisikiliza mpaka neno la mwisho, akauliza swali lingine, akajibiwa, ndipo akachukua sanduku lake na kwenda kushika utepe.

Enyi vijana mnaosoma haya, msicheke. Wala msimwonee huruma yule binti, maana yeye amekwisha kushika kitu cha kweli. Ninawataka mjitazame viganja vyenu. Mtu akikupigia makofi, tazama kama umelowa. Akikupa leseni, uliza umefanya jaribio gani. Na anayekuambia usubiri uzinduzi, mwache asubiri yeye. Haya nimeyasema mara moja, na sina tabia ya kurudia. Nyanyukeni sasa, mkatafute chokaa.